Filamu Ikitoka Kitabuni, Tuipime kwa Kipi?

Kwa miaka mingi mwanafunzi wa tahasusi ya HKL au HGK, awe Dodoma mjini, Kondoa au Mpwapwa, amekuwa akikutana na Vuta N'kuvute kabla hajakutana na bahari. Riwaya hiyo ya Shafi Adam Shafi, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 1999, ilikuwamo katika vitabu teule vya kidato cha tano na cha sita pamoja na Kufikirika ya Shaaban Robert, Usiku Utakapokwisha ya Mbunda Msokile na Mfadhili ya Hussein Tuwa. Aliisoma kwa ajili ya mtihani, lakini mara nyingi ikamnasa. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa akiwa bado mdogo kwa Bwana Raza, mwenye duka aliyemzidi umri mno, anatoroka ndoa na kuingia Ng'ambo, Unguja, nyumbani kwa rafiki yake Mwajuma. Huko anakutana na Denge, kijana aliyerudi kutoka masomoni Urusi na kujikuta akisakwa na polisi wa Mwingereza.

Mwaka 2021 mwongozaji Amil Shivji aliitoa riwaya hiyo kama filamu. Ikhlas Gafur Vora ni Yasmin, Gudrun Columbus Mwanyika ni Denge, na mwimbaji Siti Amina ni Mwajuma. Septemba mwaka huo ilionyeshwa katika tamasha la Toronto, mwezi uliofuata ikawa Ouagadougou kwenye FESPACO, na mwaka 2022 Tanzania ikaiwasilisha kuwania Oscar, jambo ambalo nchi haikuwa imelifanya tangu filamu ya Maangamizi mwaka 2001. Ni heshima kubwa kwa sinema yetu. Hata hivyo, heshima ya matamasha haimjibu msomaji anayeuliza kama filamu imekitendea haki kitabu.

Majibu yanayosikika ni mawili. La kwanza ni kwamba kitabu ni kizuri zaidi, kwa sababu filamu imeruka mambo. La pili, la watu wa sinema wenyewe, ni kwamba kitabu ni kitabu na filamu ni filamu, tusivilinganishe. Yote mawili yanamruhusu msemaji kukwepa kazi. Filamu ya dakika tisini na mbili lazima iruke mambo, kwa hiyo kusema imeruka ni kusema tu kwamba ni filamu. Na mtu akichukua jina la riwaya mashuhuri, wahusika wake na wasomaji wake, hawezi kutuambia tusilinganishe. Kulinganisha ndiko kulikotupeleka kununua tiketi.

Sisi Watanzania tuna tatizo letu la ziada, na limetoka darasani. Tumefundishwa kugawa kazi ya fasihi katika fani na maudhui, kisha kuorodhesha: dhamira ya kwanza ukombozi, ya pili nafasi ya mwanamke, ya tatu matabaka, halafu wahusika, mandhari, mtindo. Vijitabu vya uhakiki vinavyouzwa stendi na madukani vimejaa orodha hizo. Zinafaa kwa kujibu swali la NECTA linalotaka hoja tatu kutoka kila riwaya. Kwa filamu hazifai. Mtu anakaa mbele ya skrini akitia vema: ukombozi upo, mapenzi yapo, ubaguzi upo, basi filamu imefaulu. Dhamira zote zinaweza kuwepo na hadithi ikawa imekufa, kwa sababu dhamira ni kile tunachokitoa kwenye hadithi baada ya kuisoma. Inayotufanya tufunue ukurasa unaofuata ni kitu kingine.

Kipimo ninachokitetea ni hiki: ni nini kinachosukuma matukio? Katika kila hadithi iliyosukwa vizuri ipo nguvu inayomtoa mtu alipo na kumpeleka asikotaka au asikojua. Filamu inaweza kufuta wahusika kumi, kuhamisha mji na kubadilisha mwisho, na bado ikawa imekitendea haki kitabu iwapo nguvu ile ile ndiyo inayosukuma. Ikiweka nguvu nyingine, hata kama imenakili kila tukio, ni hadithi nyingine iliyoazima jina.

Sasa tuirudie Vuta N'kuvute. Katika riwaya, Yasmin hasukumwi na mapenzi peke yake. Kwanza anasukumwa na ndoa ya kulazimishwa na jamaa zake wanaomfukuza anapokimbilia kwao. Kisha anasukumwa na nyumba ya Mwajuma, yaani maisha ya uswahilini ambamo mlango haufungwi, mtu huingia na habari na kutoka na nyingine, na mgeni wa jana leo ni ndugu. Denge anapoingia katika maisha yake haji peke yake. Nyuma yake wapo wenzake, kuna makaratasi yanayopitishwa kwa siri, na kuna Inspekta Wright na Koplo Matata wanaonusa kila kichochoro. Harakati katika kitabu ni kazi ya kikundi: kujificha, kubebeshana siri, kutaniana, kugombana, kuchelewa. Yasmin anaingia kwenye siasa kwa sababu amekuja kuishi na watu, na watu hao wana jambo lao.

Filamu imeyaweka mapenzi ya wawili katikati na kuiacha kazi ya kikundi pembeni. Hilo ndilo badiliko lake kubwa, kuliko tukio lolote lililokatwa. Tunamwona Denge akipendwa kuliko tunavyomwona akifanya kazi, na wenzake wanapita kama watu wa nyuma ya picha. Mtazamaji ambaye hajasoma kitabu anatoka akijua kwamba Waingereza walikuwa wabaya na vijana walikuwa jasiri, lakini hajui vijana hao walipangaje, waliogopa nini, au nani alimwamini nani. Nguvu ya kusukuma imehama kutoka mtaani ikaingia chumbani. Hapo naihesabia filamu hasara.

Kuna hasara nyingine ambayo wengi huihisi bila kuitaja, nayo ni ya msimulizi. Shafi anasimulia kama mtu aliyekaa barazani: anajua kila mtu anawaza nini, anacheka, anamkejeli Koplo Matata, anatupa methali na kuendelea. Sauti hiyo haina mwili, kwa hiyo haiwezi kupigwa picha. Shivji amechagua kuiacha kabisa na badala yake ametupa ukimya, nyuso zinazotazamwa kwa muda mrefu, vichochoro, mwanga wa taa, bahari.

Kwa mtazamaji wa kwetu ukimya huo ni mgumu, na sababu yake si ushamba kama wanavyodhani wajuzi wa mijini. Watazamaji wa Tanzania wamelelewa na vibanda umiza. Katika kibanda umiza, chumba cha mabenchi na runinga moja, filamu ya Hong Kong, ya Nigeria au ya Hollywood haikuja peke yake. Ilikuja na sauti ya mtu kama Lufufu, ambaye kanda zake za video zilisambaa nchi nzima, akisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji. Hakuwa mkalimani wa kawaida. Aliwapa wahusika majina, alieleza wanachofikiri, alimtabiria jambazi kifo chake, aliingiza utani wa mtaani, na pale filamu iliponyamaza yeye aliongea zaidi. Waliomfuata bado wanafanya kazi hiyo hadi leo. Wasomi waliwadharau, lakini ukiangalia kwa makini, watu hao walikuwa wakiifanya kazi tunayoijadili hapa: kuhamisha hadithi kutoka umbo moja kwenda jingine. Walijua kwamba hadhira ya Kiswahili inamtaka msimulizi, na wakamrudisha.

Sisemi Shivji angeweka sauti ya Lufufu juu ya filamu yake. (Ingawa ningelipa kiingilio kuiona.) Ninachosema ni kwamba msimulizi akiondolewa, kazi zake lazima zigawiwe: kejeli apewe mhusika fulani, habari zipitie midomo ya majirani, methali zitoke kwa Mwajuma. Filamu imezigawa baadhi, nyingine zimepotea. Ndiyo maana utasikia mtu aliyependa kitabu akisema filamu ni nzuri lakini imepooza. Anachokikosa ni ucheshi, na katika riwaya hiyo ucheshi una kazi ya kisiasa: mtawala anayechekwa hatishi tena.

Faida nazo zipo, na ni kubwa. Ya kwanza ni Mwajuma. Katika kitabu tunaambiwa kwamba ni mwimbaji, na tunaamini kwa sababu tumeambiwa. Katika filamu ameigizwa na mwimbaji wa kweli anayeijua taarabu ya Unguja kwa sauti na kwa mwili, na anapoimba hakuna haja ya kuambiwa chochote. Kitabu hakina namna ya kufanya hivyo. Hapo filamu imeongeza kitu bila kusaliti, kwa sababu nyumba ya Mwajuma ni moja ya nguvu zinazomsukuma Yasmin, na wimbo umeifanya nyumba hiyo iwe na mvuto unaoeleweka. Mtu yeyote angetoroka kwenda huko.

Faida ya pili inategemea msomaji anatoka wapi, na hapa nafasi ya Dodoma ni ya pekee. Mzaliwa wa Unguja anaitazama filamu akiwa na kumbukumbu mkononi: mtaa huu sio, kanga hii ni ya miaka ya karibuni, lafudhi hii ni ya bara. Msomaji wa uwanda wa kati hana cha kusahihisha. Mtendeni na Ng'ambo za Unguja kwake yalikuwa maneno tu, na filamu ndiyo iliyoyapa sura kwa mara ya kwanza. Anachokijua yeye ni mpaka wenyewe. Dodoma ina kata inayoitwa Uhindini, karibu na reli ambayo Wajerumani waliifikisha hapa mnamo 1910, na miji mingi iliyozaliwa na reli hiyo iligawanywa hivyo hivyo: maduka ya Wahindi mbele, nyumba za Waafrika nyuma, na hatua chache katikati ambazo binti wa upande mmoja hakutarajiwa kuzivuka kwenda kuishi upande wa pili. Filamu inalionyesha jambo hilo kwa rangi ya ngozi, kwa mavazi, kwa jinsi watu wanavyomtazama Yasmin anapopita. Kitabu kinahitaji aya nzima kulieleza. Mtu aliyekulia Majengo au Makole analielewa mara moja bila maelezo.

Kwa ujumla, basi, hukumu yangu ni kwamba filamu ya Vuta N'kuvute ni filamu nzuri na ni tafsiri nusu ya kitabu chake. Imeufikisha ulimwengu wa Yasmin na kuupunguza ule wa Denge. Nadhani sehemu ya tatizo ni urefu. Riwaya ya Shafi ina safari, Mombasa imo, gereza limo, watoto wanazaliwa, miaka inapita. Hakuna dakika tisini za kuyabeba hayo, na mwongozaji alilazimika kuchagua. Ukichagua chini ya shinikizo, mapenzi hushinda daima, kwa kuwa ndiyo rahisi kupigwa picha.

Linganisha na Ousmane Sembène wa Senegali, ambaye alikuwa mwandishi kabla hajawa mwongozaji na aligeuza vitabu vyake mwenyewe. Mandabi ya mwaka 1968 ilitokana na riwaya fupi, ile ya hundi ya posta iliyotumwa kutoka Paris kwa Ibrahima Dieng, mzee asiye na kazi mwenye wake wawili. Ili achukue fedha anahitaji kitambulisho. Ili apate kitambulisho anahitaji cheti cha kuzaliwa. Kila dirisha linampeleka dirisha jingine, na majirani wameshaanza kumkopa fedha ambazo bado hajazishika. Kisa kina nguvu moja tu inayosukuma, yaani ofisi. Kwa sababu riwaya ni fupi na nguvu ni moja, filamu imeibeba yote bila kukimbia. Na iliongeza jambo ambalo kitabu hakikuweza. Sembène aliiandika kwa Kifaransa, lakini kwenye filamu akamwacha Dieng na majirani zake wazungumze Kiwolof. Kizuizi kilichokuwa kikielezwa kwenye karatasi kikasikika masikioni: mzee anayejua kuongea vizuri kabisa anageuka bubu mbele ya fomu ya Kifaransa.

Katika Xala alikwenda mbali zaidi. Kitabu kilitoka 1973 na filamu 1975, na mwanzoni mwa filamu aliweka tukio la wafanyabiashara wapya Waafrika wanaoingia kwa shangwe kwenye Chama cha Wafanyabiashara, kisha wanapokea mikoba iliyojaa noti kutoka kwa Wazungu wale wale waliofukuzwa mlango wa mbele. Picha ya mikoba hiyo ni ya filamu. Hakuna mtu mwenye akili aliyelalamika kwamba imeongezwa, kwa kuwa inaonyesha kwa dakika chache kile ambacho kitabu kinakijenga kidogo kidogo: kwamba mzee El Hadji, anayeishiwa nguvu usiku wa harusi yake ya tatu, alikuwa hana nguvu siku zote. Nyongeza ya namna hiyo ni uaminifu.

Upo pia mfano wa kinyume, wa jirani zetu. Rafiki ya Wanuri Kahiu, iliyofika Cannes mwaka 2018 na kupigwa marufuku Kenya, ilichipuka kutoka hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, Jambula Tree, iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Hadithi ni sauti ya mwanamke mmoja anayemsemesha mwenzake aliye mbali; filamu imehamia Nairobi, imebadili majina, imejaa rangi. Haidai kuifuata hadithi mstari kwa mstari, haijachukua jina lake, na hivyo haidaiwi deni kubwa. Anayechukua jina anadaiwa zaidi.

Kama hoja ya urefu ina ukweli, basi kitabu ambacho ningependa kukiona kwenye skrini kutoka uwanda huu si kikubwa. Ni Shida ya Ndyanao Balisidya, mwandishi mwenye asili ya Dodoma na mmoja wa wanawake wa mwanzo kuandika riwaya kwa Kiswahili. Ilitoka 1975. Ni riwaya fupi, na ndani yake Chonya na Matika, vijana wa Ugogo, wanatolewa kijijini na shida na kupelekwa Dar es Salaam, ambako mji unawapokea kwa shida nyingine. Nguvu inayosukuma imeandikwa kwenye jalada.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Utapigaje picha mvua isiyonyesha? Dodoma hupata chini kidogo ya milimita 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Mwandishi anaweza kusema kwa sentensi moja kwamba mwaka huo mvua haikuja. Kamera haina sentensi hiyo. Itabidi ionyeshe kihenge kinachopungua, mama anayepima unga wa uwele kwa kiganja badala ya bakuli, mlenda unaopikwa bila kitu cha kuulia, mbuzi wa mwisho anayekwenda mnadani na bei ambayo mwenyewe atarudi nayo. Mambo hayo yanachukua muda wa filamu, na mwongozaji mwoga ataona bora aweke mbuyu na machweo. Tumeiona picha hiyo kwenye kalenda za kutosha.

Tena njaa ya Ugogo haijawahi kuwa kazi ya mbingu peke yake. Mtunya, njaa kuu ya 1917 hadi 1920 ambayo wazee waliisimulia kwa vizazi, ilikuja baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo ya vita, kisha ukame ukamalizia. Kisa cha Chonya ni cha wakati mwingine, lakini filamu itakayoonyesha ardhi kavu tu bila kuonyesha bei, kodi, barabara na ahadi za mjini itakuwa imebadilisha nguvu inayosukuma, hata ikinakili kila ukurasa. Itatwambia kwamba watu wa huku ni maskini kwa sababu jua ni kali.

Halafu kuna lugha. Balisidya aliandika kwa Kiswahili ili taifa lisome, na alifanya vyema. Lakini Chonya akiwa nyumbani angeongea Kigogo na mama yake. Filamu inaweza kufanya hapa kile Sembène alichokifanya Dakar: Kigogo kijijini, na tafsiri ya Kiswahili chini ya skrini, kisha Kiswahili cha mjini pale vijana wanaposhuka kwenye treni Dar es Salaam, na lafudhi yao ikiwafanya wachekwe. Muziki nao usiwe wa mapambo. Watu wa hapa wana ilimba na zeze, ambavyo mwanamuziki Hukwe Zawose alivipeleka ulimwenguni, na wana muheme, ngoma ya wanawake. Vikitumiwa kama sauti ya nyuma kila mara mtu anapohuzunika, ni afadhali kimya cha Shivji.

Kitabu ni kifupi, mandhari yapo, wazungumzaji wa Kigogo wapo, na Chuo Kikuu cha Dodoma kipo na vijana wanaosoma fasihi na sanaa za maonyesho. Treni ya SGR sasa inatoka Dar es Salaam hadi hapa kwa chini ya saa nne, kwa hiyo watengenezaji filamu waliokuwa wakisema Dodoma ni mbali hawana tena kisingizio hicho. Wakija, nawaomba wamtafute kwanza bibi wa Kigogo awasahihishie mazungumzo, ndipo wamtafute mwenye droni.